Nilisema Leo Simutaki

Mama muganga mmoja wa hospitali ya hapa Kasongo ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili ya wanawake wengine. Nikamwambia sawa, lakini sitaandika kwa upole. Kama unamtafuta mama aliyeugua kwa adabu, akavumilia, akapona huku akimshukuru kila mtu, funga karatasi, mwanamke huyo si mimi. Hasira ilinijia nilipoanza kupona, sasa nimepona, na hasira bado ninayo. Wapo watu ninaowasalimu asubuhi kwa sababu tu dini inanilazimisha.

Naitwa Mwamini. Wengi wananiita Mama Asani, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Nimezaliwa Kasongo, na nimeolewa Kasongo hapa hapa na Amisi, ambaye kazi yake iko Salamabila. Anawapelekea wachimba dhahabu sabuni, viberiti na betri, anarudi nyumbani baada ya miezi miwili, mitatu. Mimi na Asani tulikuwa tunakaa kwa mama yake. Nyumba ni yake, jiko ni lake, na hata ukipiga chafya alitaka kujua kwa nini.

Mvua zilipokuwa zinaisha nilizaa mtoto wa pili, msichana, tukamwita Mwayuma. Kwa sababu ya maneno mawili niliyoyasema kabla ya arobaini yangu kutimia, mtoto huyo alitolewa kifuani kwangu akapelekwa Lusangi, na sikujua kama nitarudishiwa. Habari yenyewe ndiyo hiyo. Mengine nitakayoandika ni namna nilivyofika hapo na namna nilivyotoka.

Uzazi wenyewe haukuwa mgumu. Wiki ya kwanza nililia, wakasema ni kawaida. Wiki ya pili sikulia tena, wakafurahi. Hakuna aliyejua kwamba wiki ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya. Nilikuwa nalala na macho wazi. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Nywele zilianza kutoka, nikipitisha kitana zinabaki humo mafungu mafungu. Mtoto alipolia nilimsikia kama vile analia kwa jirani, na nilikuwa nangoja jirani anyamazishe mtoto wake.

Sasa usikie desturi yetu. Kwetu muzazi, yaani mama aliyetoka kuzaa, hasemi neno baya mpaka siku arobaini zitimie. Wanaamini neno la mama linaingia katika maziwa, na mtoto analinywa. Kwa hiyo wageni wanaingia na kuku na mchele na sabuni, wanakaa kwenye mkeka, wanauliza, "Uko muzuri?" Jibu ni moja: "Niko muzuri." Hakuna jibu la pili. Nililisema hilo jibu mpaka likaota kutu. Nilipompeleka mtoto kupimwa uzito, muganga kijana alisimama mbele ya mabenchi akatuuliza wote kwa mara moja, "Wamama, muko muzuri?" Tukaitika kama watoto wa shule, "Muzuri!" Mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi.

Kitu kimoja nitakisema kwa haki. Kila asubuhi mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto. Alichovya kitambaa, akakikamua, akanibana tumbo na kiuno mpaka nikapiga kelele. Ilikuwa saa moja tu katika siku nzima ambayo nilisikia kwamba nina mwili. Mikono yake ilikuwa mizuri. Mdomo wake ndio ulioniua.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nilikuwa sijalala siku nne. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama mkwe akaingia na mtoto mikononi, analia njaa, akaninyooshea. Nikamwambia, "Mama, leo simutaki."

Nilikuwa naomba usingizi. Nilitaka kusema mshikeni kidogo, mpeni maziwa yangu niliyokamua, mtembezeni uani, nitalala kisha nitamchukua. Lakini kichwa changu wakati huo kilikuwa hakiwezi kubeba maneno marefu, kilitoa hayo mawili tu. Mama mkwe akambana mtoto kifuani kwake, sikio la juu akaliziba kwa kiganja. Akatoka naye mbio kana kwamba nimetaka kumchoma.

Kabla ya adhuhuri shangazi wawili wa mume wangu walikuwa wamekaa uani. Simu ikapigwa Salamabila, wakaiweka sauti juu ili wote wasikie. Mama mkwe akasema, "Amisi, mwanamuke wako amesema hamutaki mutoto."

Neno "leo" lilikuwa limeshaanguka njiani, kati ya chumba changu na uani. Hatua kumi tu, likapotea. Nikapiga kelele kutoka kitandani, "Nilisema leo!" Nani alinisikia? Nyuma ya Amisi kulikuwa na kelele za mashine za kusaga mawe. Kisha akasema, "Kama hamutaki, mumutafutie mutu wa kumunyonyesha." Hivyo tu. Hakusema nipeni Mwamini niongee naye. Nimemsamehe mambo mengi, hilo bado.

Wakaja kupima maziwa yangu. Wakanikamua kwenye kisahani, wakatia sisimizi mmoja. Kwao, sisimizi akitoka hai maziwa ni mazuri, akifa maziwa yameharibika. Sisimizi akapiga miguu, akazama, akafa. "Unaona?" shangazi mmoja akasema. "Unaona wewe mwenyewe?" Nikauliza ni sisimizi gani anayejua kuogelea kwenye maziwa. Wakatazamana. Muzazi anayejibu hivyo kabla ya arobaini, kwao kesi ilikuwa imeisha.

Zaina, dada yake Amisi, ameolewa Lusangi. Alikuwa na mtoto wake wa kiume wa miezi saba na matiti yaliyojaa. Alikuja na pikipiki siku ya pili yake, akakaa, akamnyonyesha Mwayuma mbele yangu, na Mwayuma akanyonya mpaka akalala. Wakamfunga kwenye kikwembe, kitenge cha kubebea, wakaondoka. Mama mkwe akasimama mlangoni kunitazama, aone kama nitalia.

Sikulia. Na nitaandika ukweli kwa sababu pengine wewe unayesoma umeshausikia ndani yako na umejiita shetani. Pikipiki ilipoondoka nilisikia nafuu. Nikalala mpaka jioni. Nilipoamka kikwembe changu kilikuwa kimelowa maziwa kifuani, na hapo ndipo nilijua walichokifanya na nilichokiacha kifanyike.

Matiti yalivimba, yakawa moto na magumu. Nikayafunga kwa kitambaa, nikapata homa, kisha yakakauka moja baada ya jingine, la kushoto kwanza. Hakuna aliyenipa pole kwa hilo. Ati maziwa mabaya, pole ya nini?

Baada ya hapo nikawa mali ya wasemaji. Wengine walisema ni uvivu. Wengine walisema nina majini, wakaleta fundi wa kutoa majini akanifunika blanketi juu ya moshi mpaka nikatapika. Nilikuwa natamani hayo majini yawepo, angalau ningekuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mwalimu wa chuo cha Kurani naye aliitwa. Alinisomea kwa sauti ya polepole, akamaliza, akamgeukia mama mkwe akasema, "Huyu mwanamuke amechoka. Mumupeleke kwa muganga wa hospitali." Mzee yule Mungu amweke. Walimpa chai akanywa, wakamshukuru, na hawakunipeleka.

Kiangazi kikaingia. Vumbi jekundu likakaa juu ya kila kitu, hata juu ya wali. Mimi nilikuwa nalala chumbani, nyuma ya pazia. Asani alikuwa na miaka mitano. Hakai chini huyo. Kutwa nzima anakimbiza ringi ya baiskeli na wenzake, kutoka uani kwetu mpaka msikitini na kurudi, juani, bila kofia. Zamani mimi ndiye nilikuwa namvuta mkono: njoo unywe maji, haya nenda. Sasa hakuna aliyemvuta. Mama mkwe ana sheria yake kwamba mtoto hanywi maji kabla ya kula, maji yanajaza tumbo bure, basi anakunywa mara moja tu, baada ya chakula.

Siku moja akaanza kuhara. Mama mkwe akakaza sheria: hakuna maji kabisa. "Ukimupa maji unamuongezea kuhara. Muache tumbo ikauke." Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyolea watoto sita, na wanne wako hai. Hesabu hiyo hakuwahi kuifanya.

Siku ya pili ya kuhara, saa za mchana, Asani alikuja akasimama nje ya pazia langu. Nikaona miguu yake chini ya kitambaa, imejaa vumbi. Akasema, "Mama, maji."

Bidoni ya maji ilikuwa kwenye kona ya chumba kile kile. Kikombe kilikuwa juu yake. Hatua tatu kutoka kitandani.

Akasema tena, "Mama, nataka maji." Akangoja. Akasema mara ya tatu. Mara ya nne sauti ilikuwa ndogo, hakuniita tena mama, alisema "maji" tu, kisha miguu ikaondoka.

Nilisikia yote. Sikuwa nimelala. Nilijua ni Asani, nilijua ana kiu, nilijua maji yako wapi. Nilikuwa naiambia miguu yangu iamke, na miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Kama hujawahi kuugua hivyo utasema nilikuwa mbaya. Sema. Mimi mwenyewe nimesema zaidi yako.

Baadaye kidogo mama mkwe akapiga yowe karibu na jiko. Hilo ndilo lililoniamsha. Asani alikuwa ameanguka juu ya ringi yake. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, alikuwa analia lakini hakuna chozi lililotoka. Jirani akamweka kwenye baiskeli, mama mkwe akamshika nyuma, na mimi nikakimbia nikiwafuata peku, kichwa wazi, katikati ya soko. Nilisikia watu wanasema, mutazame yule wa majini.

Hospitalini tulimkuta mama muganga wa umri wa mama yangu, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia mbuzi. Jina lake Mama Feza. Alimfinya Asani ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama pale pale.

"Amehara tangu lini?"

"Tangu jana," akasema mama mkwe.

"Na anakunywa nini?"

"Hatukumupa kitu. Tulitaka tumbo ikauke."

"Tumbo ikauke?" Mama Feza akageuka kabisa. "Mutoto ndiye amekauka! Mutu anatoboka kama kapu, wewe unamunyima maji? Mama yake ni nani?"

Mama mkwe akanionyesha kwa kidevu. "Ndiye huyu. Lakini iko na majini."

Mama Feza akanitazama kuanzia kichwa wazi mpaka miguu peku. "Hayo majini yanajua kushika kijiko?" akauliza. Kabla sijajibu alikuwa ameshaniwekea kikombe mkononi.

Aliniambia namna. Pakiti moja ya unga ule wa chumvi na sukari, lita moja ya maji safi. Kijiko kimoja mdomoni, ngoja kidogo, kingine. Akitapika, ngoja, anza tena. Usisimame, usilale, usimwachie mtu mwingine. Asani alitapika vijiko vya kwanza vyote juu ya kikwembe changu. Nikasema, "Anatapika." Mama Feza akasema, "Nina macho. Endelea." Nikaendelea. Jua likahama kutoka dirisha moja mpaka jingine. Mkono ulikufa ganzi, nikabadilisha mkono. Alasiri ulimi wake ukaanza kutafuta kijiko kabla hakijafika. Na baadaye akakojoa, kidogo, rangi ya chai kali, na Mama Feza akapiga makofi mara moja kama mtu aliyeua mbu. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake.

Usifikiri nilipona pale kwenye kijiko. Watu wanapenda kunisimulia mimi mwenyewe habari hiyo, ati uliona mwanao anakufa ukaamka. Uongo. Nilikaa siku mbili kwenye kiti kile nikiwa nimekufa vile vile, mkono tu ndio ulikuwa unafanya kazi.

Siku ya tatu Asani alikuwa amekaa anakula uji na kumwuliza kila mtu ringi yake iko wapi. Mama Feza akaja na daftari. "Mutoto atarudi nyumbani. Na wewe?"

"Niko muz—"

"Hapana. Hiyo usiniambie. Niambie kitu kingine, chochote, lakini siyo hiyo."

Nilitafuta kitu kingine. Ilichukua muda, wagonjwa wengine walikuwa wanatutazama. Kisha nikasema, "Alikuja kuomba maji mara ine. Nilimusikia. Sikuamuka."

Mama Feza akaweka kalamu chini. Hakunikumbatia, hakuniambia Mungu ni mwema. Akauliza mtoto wa mwisho ana umri gani, yuko wapi, nalala saa ngapi, kama nawaza kufa. Nikajibu yote, hata hilo la mwisho. Akasema, "Utarudi siku ya Alhamisi. Wewe mwenyewe. Mutoto mumuache nyumbani na maji yake."

Nikaanza kuhesabu siku zangu kwa Alhamisi. Kulikuwa na benchi nje ya mlango wa mwisho, na Kasongo nzima inajua mlango wa mwisho ni wa nani: wagonjwa wa kichwa. Ukikaa pale, wanaopita wanapunguza mwendo. Mwanzoni nilijifunika kikwembe mpaka puani. Mama mmoja mkulima kutoka vijiji vya Wazimba, aliyekuwa anakuja kwa ajili ya dada yake, alikata andazi lake vipande viwili akanipa kimoja bila kuniuliza kitu. Alifanya hivyo Alhamisi tatu. Siku nyingine mtoto mchanga alilia kwenye benchi la chanjo, na matiti yangu, ambayo yalikuwa yamekauka kitambo, yakawasha na kutoa tone. Nikaondoka nikasimama nyuma ya choo mpaka likakauka.

Dawa niliyopewa pale ilinikausha mdomo, ikanipa usingizi wa jiwe, ikaninenepesha mashavu. Mama Feza alinifanya niongee, na nilipokataa kuongea alinifanya nichambue naye maharage yake, mpaka nikaongea. Baada ya Alhamisi ya nne mama mkwe akaniambia vile vidonge vinakausha kizazi. Nikavitupa chooni. Wiki mbili baadaye nilikuwa kitandani tena, nyuma ya pazia, na kila kitu kikawa kama mwanzo. Nikarudi nikamwambia Mama Feza. Alinigombeza mpaka wagonjwa wakatoka nje kusikiliza. Alipomaliza akafungua daftari ukurasa mpya. "Haya. Tunaanza tena."

Mvua ya kwanza ilinikuta sibishani na mtu. Ya pili au ya tatu, sikumbuki vizuri, nilirudi kutoka kisimani nikakuta mama mkwe amefulia nguo zake zote kwa sabuni yangu. Damu ikanipanda. Nikasema maneno. Nikapiga ndoo teke, ikaenda mpaka kwa jirani. Na katikati ya kelele zile nikasimama, kwa sababu niligundua kwamba nimekasirika. Mimi, ambaye miezi mitano sikusikia kitu! Nikaanza kucheka peke yangu uani, na mama mkwe akasema tayari, majini yamerudi.

Tangu hapo nikaanza kuushika ulimwengu tena. Asani nikamnunulia kikombe chake mwenyewe, cha bati, nikakitundika kwenye msumari anaoufikia. Anakunywa kabla ya kutoka, anakunywa akirudi, na akicheza sana namfuata nacho mpaka msikitini, watu wanacheka. Wacheke. Mtoto anayekimbia hakumbuki kiu mpaka imemshika, na wa kwetu wamefundishwa wasisumbue wakubwa kwa kuomba. Usingoje aombe. Tazama mkojo wake. Akihara, mpe zaidi, na mkimbize kwa muganga. Mama mkwe alisema, "Unamumwangilia mutoto maji kama muhindi wa shambani." Lakini niliona kwamba hakumkataza tena.

Wakati wa kuvuna mpunga Amisi akarudi, safari hii baada ya miezi mingi, na mimi nikasema ninachokitaka. Namtaka Mwayuma. Kikaitishwa kikao: Amisi, mama yake, shangazi wale wawili. Mimi nilikaa kwenye kiti, sikukaa mkekani.

"Ulisema humutaki," akasema mama mkwe.

"Nilisema leo."

"Leo, kesho, ni neno lile lile. Mama hasemi hivyo."

"Mama anasema hivyo," nikamwambia. "Mimi ni mama, nilisema. Kama mungemushika siku moja tu, nikalala, ningemuchukua jioni. Muliona mambo ya sisimizi ndiyo mambo."

Shangazi mmoja akamwambia Amisi asinisikilize, mwanamke aliyelala akamwacha Asani afe na kiu hawezi kupewa mtoto mchanga. Amisi akanigeukia. Alikuwa hajaambiwa habari ya pazia, hakuna aliyeijua isipokuwa Mama Feza. Yule shangazi alikuwa anabahatisha tu. Ningeweza kukataa.

"Ni kweli," nikasema. "Aliniomba, nilimusikia, nilishindwa kuamuka. Ulikuwa ugonjwa. Nimekunywa dawa yake, na habari hii nimeisema mbele yako ili usiisikie kwa mutu. Sasa niambie kama mutoto wangu anarudi au harudi."

Aliyejibu si Amisi, ni mama mkwe, na alisema akitazama ukuta.

"Maji, ni mimi nilikataza. Kila mutu humu aliogopa kumupa." Akajifunga kikwembe chake upya. "Basi. Aende akamuchukue. Akishindwa, mimi niko hapa, nitamuangalia."

Hiyo ndiyo pole niliyoipata katika nyumba ile, na sikupewa nyingine. Amisi alitaka kwenda nami. Nikamwambia abaki, hakuwapo walipomwondoa mtoto.

Lusangi nilifika kwa pikipiki ya kukodi kabla ya adhuhuri. Mwayuma alikuwa amesimama ameshika ukingo wa mtungi, mnene, miguu imepinda, meno manne. Aliponiona alitambaa mbio mpaka kwenye nguo ya Zaina akajificha ndani yake. Akamwita Zaina mama.

Zaina hakunikaribisha chai. "Nimemupa titi langu miezi yote hii," akasema. "Mwanangu alishiba nusu ili wako ashibe. Wewe leo unakuja na kikwembe kipya."

Nilikuja njia nzima nikipanga maneno ya kumtukana huyu mwizi, na mbele yangu alikuwa mwanamke aliyemweka mwanangu hai. Nikampigia magoti. Yeye akakataa kunitazama. Akamfunga Mwayuma mgongoni kwangu kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo, akalikagua mara mbili. "Anapenda kuimbiwa," akasema, "lakini sauti ya chini." Kisha akaingia ndani, na nikasikia anavunja kuni ambazo zilikuwa zimeshavunjwa.

Mwayuma alilia tangu Lusangi. Alijinyoosha nyuma mpaka nikaogopa kikwembe kitafunguka, mikono yote miwili inaelekea tulikotoka, anaita mama, mama. Niliimba kwa sauti ya chini, akalia kwa sauti ya juu. Kijana wa pikipiki aligeuka mara kwa mara kunitazama.

Katika kijiji kimoja alisimama kutia mafuta. Wanawake waliokuwa wanaanika mpunga barabarani wakaacha kazi. Wakaja wanne, watano, wakatuzunguka. Mmoja, mzee, mwenye ufagio mkononi, akasimama mbele ya gurudumu ili tusiondoke.

"Huyu mutoto anaita mama wake," akasema. "Mama wake iko nyuma kule. Wewe umemutoa wapi?"

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na maziwa ya kumwonyesha. Mtoto mwenyewe alikuwa ananikataa mgongoni kwangu mbele ya watu wote, na kama ningekuwa mimi mwenye ufagio nisingeniamini.

"Ni wangu," nikamjibu. "Ni yeye tu ndiye hajajua."